Shamba Laini la Nyuma ya Kiwanda

Jumatatu, 3 Machi

Leo nimelima, na nimelima vizuri. Najisifu mwenyewe, kwani nani mwingine atasoma hapa? Mume wangu hasomi hata maelezo kwenye chupa ya dawa.

Wageni walikuja asubuhi, wakakaa jukwaani chini ya turubai, viatu vinang'aa. Mimi juu ya Jitu – ndiyo modeli yetu mpya, trekta kubwa kuliko yote ambayo kiwanda hiki kimewahi kuunda. Nikashusha plau, nikaweka gia, nikaenda. Sikutazama nyuma hata mara moja. Sina haja. Mistari yangu imenyooka mpaka wameniita Rula tangu nilipoajiriwa, na mlinzi wa getini hajui kama nina jina jingine.

Makofi! Mkurugenzi akasimama, akasema Jitu ndilo litakalotutoa shimoni. Wateja wamepungua, hilo hakulificha. Uwanja umejaa matrekta yasiyo na mwenyewe. Lakini Jitu likishaonekana, alisema, wote watarudi. Mimi namwamini. Nimelikalia, nalijua. Linavuta kama halina kitu nyuma.

Siri ya kazi yangu? Wala si siri. Siku moja kabla ya wageni napitisha haro nyepesi, ile zana ya kuvunja mabonge, nalainisha shamba zima. Shamba hili la mfano nimelilima miaka yangu yote ya kazi. Jiwe lililokuwamo nilishaliokota, kisiki nilishaking'oa. Ukiuchota udongo wake unapita katikati ya vidole kama unga. Hakuna dereva mwenye shamba kama langu!

Alhamisi, 6 Machi

Dada kapiga simu nikiwa nakunywa chai. Hakusalimia. Dada yangu mkubwa asiposalimia, ujue pamewaka.

Jitu lake limevunjika. Yeye na majirani zake walichanga, wakalichukua mwezi uliopita. Walilichukua kwa neno langu mimi – nilikwenda mpaka kwake nikalisifia hadi koo likakauka. Sasa ule mkono wa chuma wa nyuma, unaoshika plau, umekatika. Siku ya kwanza shambani!

Nikamwambia, "Dada, mmelima vibaya. Dereva wenu kashusha plau chini mno."

"Dereva ni mimi."

Nikasema basi itakuwa gia.

"Njoo ulime wewe, bingwa," akasema. "Mvua ziko mlangoni, na shamba halijaguswa."

Nikaenda kwa Mhandisi, mkuu wa wachoraji wa mashine zetu. Mtu mstaarabu, hajawahi kuniita bila kutanguliza "mama". Hakushtuka. Kasema ni matumizi mabaya, hutokea. Akaniandikia nichukue mkono mwingine stoo, Jumapili nikawafungie.

Nitakwenda. Na nitawaonyesha jinsi watu wanavyolima, hadi wakome kunipigia simu bila salamu.

Jumapili, 9 Machi

Nimeaibika.

Ngoja niandike kwa utaratibu. Nilifika na ovaroli ya kiwanda imepigwa pasi, mkono mpya kwenye gunia. Majirani wa dada wote walikuwa pale, wamejipanga kandokando ya shamba, wengine wamekuja na viti. Shemeji akaufunga mkono kwa spana zake. Nikapanda. Nikawaambia tazameni mguu wangu kwenye klachi. Tazameni kina cha plau. Nikaongea kama mwalimu mkuu siku ya kufunga shule.

Mstari wa kwanza ulikwenda. Kwa kurukaruka, lakini ulikwenda. Nikageuza. Katikati ya mstari wa pili – pa! Trekta likachomoka mbele kama punda aliyetupa mzigo. Nikatazama nyuma, mimi nisiyetazama nyuma. Plau imebaki ardhini peke yake, imesimama wima, na mkono umekatika palepale ulipokatika ule wa kwanza.

Hakuna aliyecheka. Afadhali wangecheka! Shemeji kakohoa. Mtu mmoja akaanza kukunja kiti chake.

Dada akaja taratibu, mikono nyuma. "Na wewe umelima vibaya, mdogo wangu?"

Nikashuka, nikaushika udongo. Haushikiki. Mgumu, changarawe tupu, mizizi imesukana ndani kama ukili. Nikamwambia ardhi yenu ina matatizo. Akasema, "Hii ndiyo ardhi. Hiyo yenu sijui ni nini." Halafu akaniongezea lile la mgema, kwamba akisifiwa tembo hulitia maji. Nikainama kuokota vipande vya mkono. Yeye ni dada yangu, na tulikuwa kwenye shamba lake.

Kilichoniuma zaidi ni majirani. Hawakunilaumu mimi, walimtazama yeye. Maana yeye ndiye aliyewaambia: mdogo wangu yuko kiwandani kulekule, hawezi kutudanganya.

Wakati naondoka walikuwa wameshaazima kimashine cha magurudumu mawili, kile cha kutembea nyuma yake ukikisukuma, kinacholetwa na wafanyabiashara kutoka nje. Sura mbaya, kelele kama mashine ya kusaga, moshi hewani. Lakini kinalima! Kipande kwa kipande, polepole, kinalima. Sikutaka kukiangalia. Nimekiangalia hadi usafiri wangu ulipofika.

Jumatatu, 10 Machi

Nimeingia kwa Mhandisi na vipande viwili mkononi. Nikamwambia safari hii umekatika kwangu mimi, Rula. Hilo likamgusa, maana mimi si mteja wa kuambiwa matumizi mabaya. Akasema twende tukapime.

Watu wa ofisini wakatoka kutazama. Nimelima shamba la mfano lote, kina cha mwisho, gia nzito. Hakuna kilichokatika. Mkono haukutoa hata mlio. Mhandisi akafungua viganja: "Mashine haina tatizo, mama." Makofi tena. Na mimi nilijisikia vizuri, mwili wangu umezoea makofi.

Nimerudi nyumbani nikimlaumu dada. Labda mkono wa stoo ulikuwa na ufa. Labda shamba lake liliwahi kuwa barabara. Labda shemeji hakukaza bolti. Mtu hakosi labda.

Jumatano, 12 Machi

Leo labda zimeniishia.

Nilikwenda karakana kwa Cheche, mchomeleaji wetu, anitengenezee kiti cha jikoni kilichokatika mguu. Mlango wake anauzuia kwa chuma kizito usipigwe na upepo. Chuma hicho nimejikwaa nacho miaka yote na kukitukana. Leo nimejikwaa, nikakitukana, halafu nikakitazama. Ni mkono wa plau! Wa trekta la enzi za Mwanzilishi – yule ambaye picha yake iko mapokezi, ovaroli chafu, mguu juu ya gurudumu. Nikachukua mkono wa Jitu nikaulaza kando yake. Wa zamani mnene kama paja langu, na mimi si mwembamba. Wa Jitu hata nusu yake haufiki. Trekta limekua, mkono umekonda!

Nikamuuliza Cheche kulikoni. Kanijibu bila kuinua kichwa. Kila modeli mpya ilipimwa shamba la mfano. Kila ilipopimwa, mkono haukutikisika. Wakubwa wakasema basi huu ni mnene kupita haja, tupunguze chuma. Modeli iliyofuata ikapimwa, haikutikisika, wakapunguza tena. "Shamba lenyewe ndilo lililosema," anasema. "Si wewe ulikuwa unaendesha?"

Na Mwanzilishi je? Yeye hakuwa na shamba la mfano. Alipakia trekta kwenye lori akaenda kwa watu, kwenye mawe, kwenye visiki, akalima huko hadi kitu kivunjike. Kikivunjika anarudi anapiga mluzi, maana sasa anajua cha kutengeneza. Waliomfuata hawakupenda safari. Wageni wanachafuka viatu, wakasema. Wakazungushia uzio kipande cha nyuma, wakajenga jukwaa, wakaajiri dereva wa kulima mistari iliyonyooka.

Mchana nikachukua nondo. Nikaichoma shambani kwangu – imezama hadi karibu na kiganja, kwa mkono mmoja! Nikatoka nje ya uzio, pale malori yanapogeuzia, nikaichoma. Iligonga ikarudi. Kiganja kinaniwasha mpaka sasa.

Kwa hiyo ni sisi wenyewe. Siyo mvua, siyo mashine za nje, siyo wakulima wasiojua gia. Na katika hao sisi nimo mimi, na haro yangu. Nina hasira kiasi kwamba nimekataa chakula, na mimi chakula sikatai.

Ijumaa, 14 Machi

Wapaka rangi wameambiwa wakae nyumbani hadi watakapoitwa. Hakuna trekta la kupaka. Wakati huohuo malori yanapita getini na matrekta – yanaingia, hayatoki! Mawakala wanarudisha. Mlinzi hana pa kuyaweka, kayapanga mpaka kwenye uwanja wa mpira. Golini kasimama Jitu. Nikacheka peke yangu, kwamba angalau sasa hatutafungwa.

Mume wangu ni kinyozi, na kiti cha kinyozi ni redio. Anasema kila kichwa kinachokaa pale kinatangaza kifo chetu. Mmoja analaumu mashine ndogo. Mwingine anasema mashamba yamegawanywa na warithi hadi Jitu halina pa kugeuzia. Nikamwambia yote yana ukweli, lakini mgonjwa hajafa. Na mgonjwa anayejua kinachomuuma ameshafika nusu ya njia ya dawa. Akasema, "Umeanza uganga sasa?"

Nikaenda kwa Mkurugenzi. Mimi milango siiogopi. Nikamwekea mezani mikono yote miwili, wa zamani na wa sasa – Cheche alinibebea – nikamweleza shamba, haro, nondo, dada, yote. Akacheka. Kisha akaacha kucheka. Akauchukua ule mwembamba, akaugeuzageuza, akautua polepole kama unaweza kukatikia mezani.

Akasema Chama cha Wakulima kinakuja tarehe 29 kuliona Jitu. Wakilikubali, wanachukua uwanja mzima, kiwanda kinapona. Wakilikataa, funguo zinakwenda benki wiki hiyohiyo. Basi mpaka siku hiyo, Rula, haya yabaki humu ndani. Baada ya hapo tutarekebisha.

Nimetoka nimenyanyua kichwa. Kanisikiliza! Anajua! Kiwanda chenye mkurugenzi anayejua hakifi.

Jumatano, 19 Machi

Kiwanda kizima kinakimbia huku na huku. Chama kimetuma ujumbe: hawataki jukwaa, hawataki shamba la mfano. Jitu lilime nje ya uzio, pale malori yanapogeuzia.

Nilijua ni nani kabla sijauliza. Dada yumo kwenye kamati yao. Nikampigia. Kacheka mpaka akapaliwa. "Si ulisema ardhi yangu ina matatizo? Basi nimekuchagulia ya kwenu wenyewe."

Nilitaka kukasirika, nikashindwa. Kusema kweli nimefurahi. Hatimaye mtu kauliza swali la maana, na katoka kwetu, tumbo moja.

Mkurugenzi kaniita. Eti nipapitishe haro siku mbili kabla, kidogo tu, juujuu. Na maji yamwagwe. Nikakataa. Nikamwambia hao ni wakulima, bosi, watajua kwa kukanyaga tu, na tutaumbuka kabla injini haijawaka. Akakubali upesi. Upesi mno. Hilo halikunipendeza.

Ijumaa, 21 Machi

Mhandisi kanifuata wakati wa chai, bila karatasi mkononi. Mara ya kwanza kumwona bila karatasi. Kaniomba ile nondo.

Tukatoka nje ya uzio, mimi na yeye. Akaichoma. Akaichoma tena mahali pengine. Akavua koti, akaichoma kwa mikono miwili kwa nguvu zake zote, jasho likamtoka. Mlinzi alidhani tumezika kitu.

Akakaa chini, palepale kwenye vumbi, na suruali yake ya kazi ya ofisini. Akasema alipoajiriwa alikuta mchoro wa mkono kwa aliyemtangulia, akapunguza kidogo. Na aliyemtangulia aliukuta kwa mwenzake, akapunguza kidogo. Kila mmoja alisifiwa. Akasema hajawahi kusimama kwenye shamba la mtu, hata siku moja. Hakuna aliyemtuma, naye hakuomba.

Sikumcheka. Nikamwambia hata mimi nilidhani nalima, kumbe nafagia. Akatabasamu kidogo. Halafu akasema kuunda mkono mpya kunataka kalibu mpya ya kumiminia chuma, na kalibu inataka miezi. Lakini kuuimarisha huu uliopo... akatazama upande wa karakana. Tukainuka.

Jumatatu, 24 Machi

Cheche kapewa Jitu moja. Moja tu! Katia bamba nene la chuma kwenye mkono, kalichomelea, kalisugua. Wakamwita mpaka rangi mmoja kutoka nyumbani aje afunike. Huwezi kuona. Nimetazama nikijua pa kutazama, sikuona.

Nikalipeleka nyuma ya stoo, kwenye kifusi cha jengo la zamani. Likalima! Mawe yanaruka, plau inanguruma, mkono umetulia tuli. Nilipiga vigelegele peke yangu juu ya kiti. Mhandisi alikuwa anakimbia pembeni, anarukaruka, tai begani. Nililia, na sioni haya kuandika – nililia kwa furaha. Dawa ipo! Dawa ni bamba la chuma na mtu anayejua kuchomelea, na vyote viwili tunavyo.

Nikashuka, nikamwambia Mkurugenzi: haya, sasa yote. Uwanja mzima.

Akasema muda hautoshi. Kwanza Chama walione hili likilima, wayachukue mengine kama yalivyo. Tutawafuata mashambani kwao baadaye.

Kiwanda hiki kina baadaye nyingi kuliko matrekta.

"Na yakikatika kabla ya hiyo baadaye?" nikamuuliza. "Mvua ikiwa inanyesha?" Mhandisi akatazama chini. Mkurugenzi hakukasirika, ndilo lililoniuma. Macho yake mekundu, halali yule. Akasema ana watu mia kadhaa nyuma yake, na ana siku moja tu. Akasema, "Rula, kazi yako ni kuendesha."

Ni kweli. Kazi yangu ni kuendesha.

Nikampitia Cheche. Anasema yeye na wenzake wakipewa chuma na msimu mmoja, uwanja mzima unapona, hakuna trekta litakaloaibika. Msimu mmoja! Chama kingeambiwa ukweli, kingengoja? Cheche akasema hajui, hajawahi kuona ukweli ukijaribiwa hapa.

Alhamisi, 27 Machi

Fupi leo. Nimepiga pasi ovaroli.

Mume wangu kauliza, "Na wakikuuliza?" Nikasema hawatauliza, watu hutazama mistari. Akasema, "Na dada yako?" Nikamwambia anyoe vichwa vyake, aniachie trekta langu. Kanyamaza, akaendelea kufuta mashine yake ya kunyolea. Akinyamaza hivyo huwa ameshinda.

Wapaka rangi wanasema watakuja wote kushangilia. Mmoja, mama mwenye mapacha, kanishika mkono getini, hakuuachia haraka. Anasema wananitegemea mimi.

Nitalima vizuri. Hilo halina mjadala. Maishani mwangu nimelima vibaya mara moja tu, na hata siku ile si mimi, ni chuma.

Jumamosi, 29 Machi

Naandika juu ya kiti cha Jitu, daftari gotini. Mwandiko unacheza kwa sababu injini inanguruma. Wanakata waya wa uzio ili nipite. Mkasi waliokuja nao ni butu – siku kama ya leo, mkasi butu! – Cheche kakimbilia koleo. Basi nina muda wangu.

Mkurugenzi yuko kushoto, suti ya kijivu, anaitikia kwa kichwa kila ninapomtazama. Mhandisi kavaa buti. Buti! Sijui kazitoa wapi. Wapaka rangi wamejipanga ukutani, hata mmoja wao aliyekuwa mgonjwa. Mume wangu kafunga duka, yuko nao, kajifanya hanioni.

Kamati ya Chama haikuomba viti. Wamesimama kwenye ardhi yenyewe, wanaipiga kwa visigino, wanaangaliana. Ngumu. Wameridhika. Viatu vyao vimekuja na udongo kutoka nyumbani. Watu hawa wangekuja zamani, mkono ungekuwa mnene mpaka leo.

Siogopi. Naandika hivyo kwa sababu ndivyo ilivyo. Jitu hili litaipasua ardhi hii kama mkate. Nimeshaliona likipasua kifusi. Mistari nitaikata mirefu, iliyonyooka, na watapiga makofi ambayo hayajawahi kupigwa ndani ya uzio huu.

Waya umekatika. Wanaukunja pembeni.

Dada kaachana na wenzake. Hakuja mbele, kazunguka nyuma. Namwona kwenye kioo. Kachuchumaa. Anaupapasa mkono kwa kiganja, taratibu, kama anavyompapasa ng'ombe mwenye mimba. Rangi haimwambii kitu. Anaendelea kupapasa. Kautia kidole chini, kwenye kona, pale bamba lilipochomelewa.

Kainuka. Anapaza sauti kuishinda injini, na kila mtu kasikia, Mkurugenzi kasikia:

"Mdogo wangu! Hili ni sawasawa na langu? Na yale ya uwanjani, yako sawa na hili?"

Mkurugenzi ananipungia mikono yote miwili, niende. Wapaka rangi wanadhani ndiyo ishara, wameanza kushangilia. Mama mwenye mapacha yuko mbele yao. Cheche kasimama na koleo lake, haangalii mtu mwingine ila mimi. Mhandisi kavua kofia.

Naweza kwenda. Mguu uko kwenye klachi. Mistari naiona mpaka mwisho kabla sijaikata.

Nimezima injini.

Kelele za ukutani zimekatika katikati. Namsikia Mkurugenzi akiniita – mara ya kwanza kaniita kwa jina langu hasa, sikujua kama analijua. Dada anapanda ngazi upande wa kulia, anajipangusa viganja kwenye gauni, na mimi nasogea kidogo kwenye kiti apate pa kukaa.